Pipa la Ngapi

Nimepewa ufunguo wa ofisi yake hadi Ijumaa,
nihamishe vya mama kabla chuo hakijapaka rangi.
Miaka thelathini na tisa ndani ya maboksi ya viatu:
kadi, kadi, kadi, zimefungwa kwa mipira iliyokauka,
ukigusa inakatika.

Steinvör Hallsdóttir, mwanahistoria wa mikono.
Wenzake Reykjavik waliandika manahodha, mikataba, bei za Hamburg.
Yeye alipanda basi la kaskazini, rekoda mapajani,
akabisha hodi kwa wajane wa heringi
na maswali yasiyokuwa na hadhi ya kuulizwa:
Uliamka saa ngapi?
Nani alibaki na mtoto?
Hela yako uliitia mfuko gani?

Katika sensa, safu ya kazi,
kila mke amewekewa kistari.
Kistari kifupi cha wino, kama mwiba wa samaki
uliosahauliwa pembeni mwa sahani.
Mama alikichukia kuliko uongo.
Uongo, alisema, angalau kuna mtu aliyejisumbua kuutunga.

Nimesikiliza kanda ya Petrína, nyumba ya mabati mekundu:
"Meli ikipiga honi, kijana anapita akigonga madirisha.
Saa nane za usiku, lakini usiku gani?
Kiangazi jua halilali kwetu, nani atuonee huruma?
Tunakata vichwa, tunapanga, tunamwaga chumvi,
tabaka juu ya tabaka,
mpaka nusu yako imo ndani ya pipa.
Likijaa, msimamizi anakutumbukizia kipande cha bati kwenye buti.
Pipa moja, kipande kimoja.
Asubuhi narudi nachechemea kwa utajiri wangu."

Na mtoto?

"Kwenye pipa tupu, upande usio na upepo.
Alikohoa, nikamtupia shali."
Anacheka. Halafu kimya,
na saa ya ukutani inagonga ndani ya kanda
mara kumi na moja. Nimehesabu.

Maprofesa walimwambia, hizi ni habari za jikoni.
Akawajibu: jikoni ndiko mlikolishwa.

Nilijivunia mama yangu, msinielewe vibaya.
Ila na mimi nilikuwa na pipa langu.
Lilikuwa jiko la Oddný, ghorofa ya chini,
kahawa iliyochemshwa mara mbili, soksi juu ya hita.
Mama akiwa kaskazini akiuliza nani alibaki na mtoto,
Oddný alibaki na mtoto.
Alining'oa jino kwa uzi na kitasa cha mlango.
Nilipougua surua alikesha akinihesabia madoa
kwa sauti, kama mtu anayenisomea hadithi.
Katika shukrani za vitabu vinne vya mama
yumo mpiga chapa, yumo hata dereva wa basi.

Boksi la mwisho halina mwaka.
Ndani, kadi moja, mwandiko wa mama wa uzeeni,
herufi zinaegemeana:

*Mfanyakazi: Oddný. Kazi: kulea.
Mtoto: wangu.
Muda: miaka kumi na miwili.
Malipo:*

na hapo, mwanamke aliyehesabu mapipa ya watu wote
ameweka kistari.
Kimefutwa, kikarudishwa, kikafutwa tena,
hadi karatasi imetoboka.
Nimeishika dirishani; mwanga wa Februari
umepita hapo tu.

Oddný ana miaka tisini na moja, masikio ndiyo yamechoka.
Nimenunua betri.
Nimeteremka ngazi zilezile, nimeweka rekoda mezani
kati ya sukari na miwani yake,
nimekohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa mama.

Kabla sijabonyeza
ameniuliza kama nimekula.